Foleni ya uji, jina la "manamba" na dawati la nyuma: mpango wa shule jumuishi uanzie wapi?

MjumbeWaKamati, Tanga

Assalaam alaykum, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari za jioni. Mimi ni mzazi wa watoto wawili, na tangu mwezi wa tatu mwaka huu ni mjumbe wa kamati ya shule katika shule moja ya msingi iliyo pembezoni mwa Jiji la Tanga, upande ambao mji umesogea hadi ukazikuta kambi za zamani za wafanyakazi wa mkonge. Mwalimu mkuu ametuagiza tuandae mpango wa kuifanya shule iwe jumuishi, yaani shule ambayo mtoto wa kila hali na kila asili anaiona kuwa ni yake, kisha tuusome mbele ya mkutano wa wazazi.

Kikao cha kwanza kilimalizika kwa mapendekezo mawili. La kwanza ni kujenga njia ya mteremko kwenye mlango wa ofisi, ingawa kwa sasa hatuna mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, na hata angekuwepo, hasomei ofisini. La pili ni kuandaa siku ya utamaduni, kila kabila lije na ngoma yake na chakula chake. Sina ugomvi na ngoma wala na chakula, ila nilitoka kikaoni nikiona kwamba tumeandika mpango wa kuwafurahisha wageni watakaokuja kututazama, na watoto walio ndani hatujawataja.

Kwa kuwa nauza maandazi na mbaazi karibu na lango la shule, niliazimia kukaa wiki nzima nikitazama tu. Saa nne, wakati wa uji, kiranja husimama karibu na sufuria akiwa na daftari la michango, na mtoto ambaye jina lake lina alama nyekundu huelekezwa kwenye kivuli cha mkungu akasubiri wenzake wanywe. Nilimwona mvulana mmoja wa darasa la pili akiwa na kikombe cha plastiki cha bluu ndani ya mfuko wa daftari, siku zote tano, na siku zote tano hakukitoa. Nilipomuuliza kikombe ni cha nini, alinijibu kwamba mama yake amemwambia akibebe, huenda leo.

Jambo la pili nililisikia kwa masikio yangu. Mwalimu wa zamu alipotaka watoto wa kufyeka majani, alisema, "Wa kambini wasimame," nao wakasimama bila kuuliza, na waliobaki wameketi wakacheka na kuwaita manamba, jina la vibarua wa zamani wa mkonge. La tatu liko katika darasa la nne anakosoma binti yangu. Yupo msichana mwenye ualbino ambaye ameketishwa dawati la mwisho kwa sababu ni mrefu na alihamia akiwa wa mwisho. Ananakili kutoka kwenye daftari la jirani yake, na daftari lake mwenyewe limeandikwa kwa kalamu nyekundu "mzembe" mara tatu.

Fedha hatuna. Naomba walimu, wazazi na wenye uzoefu mnieleze tuanze na lipi, na tuyaseme vipi mbele ya wazazi bila kuwageuza watoto hawa kuwa maonyesho.

MwalimuMstaafu, Lushoto

Mjumbe, pokea salamu kutoka milimani. Nilifundisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwa miaka mingi, na nimeishi jirani na Shule ya Wasioona Irente, kwa hiyo uniwie radhi nikianza na huyo binti. Jambo lake halihitaji kikao wala fedha, na linaweza kufanyika kesho kabla ya kengele ya kwanza.

Watu wengi hudhani ualbino ni habari ya ngozi. Rangi inayokosekana kwenye ngozi na nywele hukosekana pia ndani ya jicho, na kwa sababu hiyo sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha haikui kikamilifu tangu mtoto akiwa tumboni. Matokeo yake ni uoni hafifu ambao miwani ya kawaida huusaidia kwa kiasi tu. Mwanga mkali humuumiza, na mara nyingi macho huchezacheza yenyewe bila mwenyewe kutaka. Mwalimu asiyeyajua hayo humwona mtoto amekunja uso na kuinamisha kichwa upande mmoja, akadhani anafanyiwa dharau, na huko ndiko linakotoka neno "mzembe".

Msimtoe nyuma mkamketisha mbele kwa amri. Mwalimu wa darasa aandike mstari mmoja ubaoni wakati darasa halina watu, kisha amwambie binti atembee, asogee, arudi, hadi apate mahali ambapo anausoma bila kuhangaika. Wengi huchagua mbele katikati, mbali na dirisha, lakini nilikuwa na mwanafunzi aliyesoma vizuri zaidi akiwa ameketi pembeni, kwa kuwa macho yake yalitulia akitazama kwa upande. Ubao uliofifia ukawa wa kijivu upakwe rangi upya, na hilo litawafaa wote. Mwalimu azoee kuyatamka maneno anapoyaandika, na asisimame dirishani akitarajia mtoto huyo amwone uso, kwa maana atakachokiona ni mwanga tu.

Halafu angalieni kanuni zenu za sare. Zipo shule ambazo kofia na miwani ya jua ni makosa, na mtoto huyu hunyang'anywa kofia mstarini kwa jina la nidhamu, ilhali jua la Tanga linamchoma kila siku, na saratani ya ngozi ndiyo inayowaondoa wengi wao mapema. Andikeni wazi kwamba kofia pana, mikono mirefu na miwani vinaruhusiwa, na michezo yake ipangwe asubuhi au alasiri jua likishapoa. Yapo mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Mwulizeni mganga wa kituo chenu cha afya namna ya kuyapata.

Kwa kuwa yuko darasa la nne, kuna jambo lisilosubiri. Atafanya upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Hayo hayaji yenyewe. Shule isipomwandikisha kwa hali yake, ataletewa karatasi ya maandishi madogo kama wenzake, na matokeo yatasema yale yale yaliyosemwa na kalamu nyekundu.

Yupo atakayewashauri mumpeleke kwenye shule ya bweni yenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Vitengo vina kazi yake, na katika miaka ya mauaji ya watu wenye ualbino watoto wengi wa Kanda ya Ziwa walikusanywa kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga, wakanusurika. Lakini gharama yake ilikuwa kukua mbali na mama zao. Mtoto aliye salama nyumbani na anayeweza kusoma kwa kusogezwa mbele, kumpeleka mbali ni kumwondolea mwalimu kazi tu.

Na mzazi akiwauliza mnayatoa wapi hayo, ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ipo ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi. Mimi sikuwahi kuhitaji kuzitaja. Nilimchukua mzazi mpinzani, nikamrudisha nyuma hadi dawati la mwisho, nikamwomba asome ubaoni huku amefumba nusu ya macho.

MjukuuWaKipande, Korogwe

Nimesoma habari ya "wa kambini wasimame" nikafunga simu, nikaenda kunywa maji, ndipo nikarudi kuandika.

Babu yangu aliletwa Tanga kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, kama walivyoletwa wengine kutoka Songea, Njombe na hata ng'ambo ya Ruvuma, kwa kuwa mashamba yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo, na wenyeji wa Pwani walikuwa na bahari na minazi yao, hawakuwa na haja ya kwenda kuchomwa miba. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni. Mjerumani Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kila mfanyakazi aliandikwa kwa namba, na hapo ndipo lilipozaliwa neno manamba. Babu alikihifadhi kipande chake ndani ya kopo la kahawa hadi alipofariki: kadi ya siku thelathini za kazi, siku zikiwekewa alama moja moja, na mshahara hautoki mpaka zitimie. Zikitimia kwa siku arobaini na tano kwa sababu ya homa, ndiyo hivyo.

Nilisoma darasa la kwanza hadi la saba nikiwa "wa kambini". Hakuna aliyenipiga kwa ajili hiyo, wala hakuna aliyenifukuza. Ila kila kazi ya jembe ilituangukia sisi, na kila shairi la kusomwa mbele ya mgeni rasmi liliwaangukia wengine, kwa maelezo kwamba Kiswahili chao ni cha pwani na chetu kina lafudhi. Hadi leo nikiombwa kuzungumza mbele ya watu, mkono hutafuta mpini wa jembe. (Natania, lakini si sana.)

Ushauri wangu ni mdogo. Msiwafundishe watoto kwamba manamba ni tusi baya lisilotamkwa, kwa sababu litahamia chooni na kwenye njia ya kurudi nyumbani, na huko litanoga zaidi. Mwambieni mwalimu wa zamu aache kuwagawa watoto kwa mahali wanakolala. Kazi igawiwe kwa darasa au kwa namba ya dawati. Kisha mwalimu wa Historia awafundishe wote habari ya mkonge uliosafirishwa kwa reli na bandari ya Tanga na kuukuza mji huu, na awaulize ni babu wa nani aliyewahi kuukata. Mtashangaa mikono itakayonyooka, maana wajukuu wa manamba wengi wamekwisha kuwa Wadigo na Wabondei, na wengine ndio waliokuwa wakicheka.

Kuhusu siku ya utamaduni, tahadhari moja. Mtoto ambaye mama yake ni Muha aliyezaliwa Muheza na baba yake ni Mmakonde aliyezaliwa Kigombe, mtamweka kwenye ngoma gani? Mimi niliwekwa kuchunga viti.

MwekaHazinaWaUji, Pangani

Mheshimiwa Mjumbe, sisi tulipita njia hiyo hiyo ya kiranja na daftari, na kwa aibu nakiri kwamba daftari lile nililipigia mistari mimi mwenyewe. Ada za serikali ziliondolewa, ndiyo, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi, na kamati nyingi hazina njia ya kumdai mzazi isipokuwa kupitia tumbo la mtoto. Hapo ndipo penye kosa: deni ni la mtu mzima, na anayedaiwa hadharani ni mtoto wa miaka minane.

Tulianza kwa hesabu, na naomba nawe uifanye kabla ya kuzungumza na yeyote. Gramu 50 za unga hutoa kikombe kimoja cha uji. Kwa siku 20 za masomo, mtoto mmoja anakula kilo moja kwa mwezi. Sisi tulikuwa na wanafunzi kama 400, na wasiolipa kabisa walikuwa 40. Maana yake tulipungukiwa kilo 40 kwa mwezi. Ukizigawa kwa wale 360 wanaolipa, kila mmoja anaongeza gramu 111, konzi mbili za mkono wa mtu mzima. Tulipomimina unga huo ndani ya bakuli na kuliweka mezani mbele ya wazazi, ukumbi ulinyamaza, kwa kuwa walikuwa wakigombana kwa mwaka mzima bila kujua wanagombania kiasi gani.

Baada ya hapo tulibadilisha mambo kadhaa, si yote kwa siku moja. Daftari liliondolewa kwa kiranja likaletwa kwangu, na halifunguliwi eneo la shule mbele ya mtoto. Mdaiwa hupigiwa simu au hufuatwa nyumbani na mjumbe wa mtaa wake. Tuliruhusu mchango wa mahindi wakati wa mavuno, wa kuni, wa nazi, na wa kazi: kuna mama anayelipia watoto wake watatu kwa kuchota maji ya jikoni siku mbili kwa wiki, na anatembea kifua mbele kuliko sisi tunaolipa kwa simu. Tuliacha pia kudai tarehe moja kwa wote. Mvuvi halipwi mwisho wa mwezi; hulipwa bahari inapompa, na kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, kwa hiyo mchango wake tunaupokea kwa mafungu, mwingi wakati wa kaskazi.

Wale wasioweza kabisa huamuliwa na watu watatu tu: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa na mimi. Tulijaribu kwanza kutumia orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa serikali wa TASAF, lakini orodha hiyo kila mtu anaijua, kwa hiyo mtoto aliyesamehewa kwa njia hiyo alitambulika siku hiyo hiyo. Sasa hatusomi majina popote. Mtoto akifika na kikombe, anapewa uji.

MuuzaSamaki, Sahare

Nimewasikiliza kwa heshima, lakini naomba na upande wangu usikike, kwa sababu mikutanoni tukisema haya tunaambiwa hatuna huruma. Nina watoto wanne katika shule ya serikali, na nalipa wote wanne. Naamka saa tisa usiku kwenda kungoja mashua. Jirani yangu ana watoto wawili, hajalipa hata mwezi mmoja, na hashindi kitandani kwa maradhi, anashinda barazani akicheza bao. Mkiniongezea gramu 111, ambazo kwangu mimi ni gramu 444, naziongeza kwa ajili ya nani, kwa ajili ya yatima au kwa ajili ya bao?

Usawa ni neno zuri. Nauliza tu kama mlipaji naye yumo ndani yake.

MwekaHazinaWaUji, Pangani

Kaka, umo, na nakushukuru kwa kuliandika hapa badala ya kulisema njiani. Tulikuwa nao wa aina hiyo, na kwa uzoefu wetu walikuwa wachache kuliko tulivyodhani: kati ya 40, tuliowabaini kuwa wana uwezo na hawataki walikuwa kama saba. Mwenyekiti wa mtaa aliwafuata mmoja mmoja, bila daftari na bila kelele, watano wakalipa. Wawili hawajalipa hadi leo, na hao tunagombana nao sisi wazazi wenzao. Watoto wao wanakunywa uji. Sikuona namna ya kumwadhibu mcheza bao kwa kumnyima uji mtu ambaye hata kete hajui kuzishika. Kuhusu gramu 444, una haki. Mwenye watoto zaidi ya wawili kwetu haongezi chochote kuanzia wa tatu.

MamaWaChumbageni, Tanga

Ni fupi tu. Tazameni kipindi cha dini. Shuleni kwetu watoto wa Kiislamu wana mwalimu wao, na wanafunzi wachache wa Kikristo, kwa kuwa padri na mchungaji hawafiki, hupewa mifagio wakafagie uwanja hadi kipindi kiishe. Sidhani kama yupo aliyekusudia ubaya, lakini mwanangu aliniuliza kwa nini dini yake ni ya kufagia. Mimi ni Mwislamu nimeolewa na Mkristo, na sikuwa na jibu. Tulipoomba, walipewa chumba na vitabu vya hadithi. Basi, lilikuwa jambo la dakika tano.

MwalimuWaPwani, Bagamoyo

Wenzangu wa Tanga, nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mji wetu ulizoea wageni kabla haujazoea shule: misafara kutoka Ujiji na Tabora iliishia hapa, na wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Tunajisifu sana kwa hilo mbele ya watalii. Lakini nimejifunza kwamba mji unaweza kuzoea wageni kwa miaka mia na hamsini na bado usimwone mtoto mmoja aliyeketi mbele yake, nami nilikuwa mfano wake.

Nilikuwa na mwanafunzi kiziwi katika darasa la tatu, mvulana wa Magomeni, mwerevu wa hesabu, na kila siku baada ya mapumziko alichelewa. Nilimwadhibu. Nilimwita mama yake. Alichelewa tena. Kengele ya shule yetu ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, na siku moja nikiwa zamu niligonga rimu ile mwenyewe huku nikimtazama kwa bahati tu. Watoto wote uwanjani waligeuka kama samaki waliotupiwa jiwe, naye akaendelea kuchora mchangani, ameupa mgongo mwarobaini. Alisimama pale alipoona kivuli cha mwenzake wa mwisho kikimpita. Nilijua tangu mwanzo kwamba hasikii. Ila sikuwa nimewahi kuunganisha jambo hilo na kengele.

Tangu siku hiyo anayegonga rimu hupandisha pia kitambaa chekundu kwenye kamba. Kitambaa hicho kilimfaa yeye, kisha kikawafaa wanaocheza mpira mbali upande wa pili wa uwanja, na siku hizi hakuna anayekumbuka kwamba kiliwekwa kwa ajili yake, jambo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote. Mjumbe aliuliza namna ya kusaidia bila kumfanya mtoto maonyesho. Mimi ningejaribu kwanza kila msaada unaoweza kutolewa kwa shule nzima, na ule wa mtu mmoja ubaki kwa yale yasiyowezekana vinginevyo. Lugha ya alama, kwa mfano, hatukuikwepa. Mwalimu mwenzetu aliyesomea Chuo cha Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, alitufundisha alama chache kila Ijumaa kabla ya kutawanyika, na watoto walizishika haraka kuliko sisi, hasa kwa sababu waligundua kwamba wanaweza kupiga soga darasani bila kusikika.

Kuhusu ngoma, msiifute siku yenu. Sisi tuna chuo cha sanaa cha TaSUBa hapa, tunajua ngoma inaweza kufanya nini. Ila iwe ngoma moja inayofundishwa kwa wote, na mtoto yeyote acheze ya kabila lolote. Mwenye kipande cha babu hatachunga viti.

Na kwa kuwa mnaandika mpango, ongezeni mstari mmoja kuhusu wasichana wanaorudi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Kurejea kwenye orodha ya mahudhurio ni rahisi. Swali ni nani atamwambia mwalimu wa darasa asimtolee mfano mbele ya wenzake.

MjumbeWaKamati, Tanga

Wazee wangu na ndugu zangu, nimekawia kurudi kwa kuwa nilitaka nirudi na jambo. Zimepita wiki tano.

Binti wa darasa la nne alitembezwa darasani kama alivyoelekeza Mwalimu wa Lushoto, na akachagua dawati la pili upande wa ukuta, si la mbele, kwa sababu la mbele linapigwa na mwanga wa mlangoni. Ubao umepakwa rangi. Mwalimu mkuu ameniahidi kwamba jina lake litaandikishwa Baraza la Mitihani pamoja na hali yake, nami nimeomba nione fomu kwa macho yangu. Mwalimu aliyeandika "mzembe" hakuomba radhi kwa maneno, ila alimnunulia daftari jipya, na mimi nimelipokea hivyo.

Mwalimu wa zamu sasa anagawa kazi kwa madarasa. Jina la manamba bado linasikika njiani. Somo la mkonge lilifanyika, na aliyenyoosha mkono wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenyekiti wa kamati yetu, ambaye baba yake hakuwa amewahi kutuambia.

Uji ndio uliotutoa jasho. Niliweka bakuli la unga mezani kama ulivyofanya wewe, Mweka Hazina, na mkutano ulikubali kwa kura, si kwa nyingi sana. Hoja ya MuuzaSamaki ilisemwa na watu wanne, na tukaandika kwamba mwenye watoto zaidi ya wawili haongezewi. Daftari limetoka mikononi mwa kiranja. Mvulana mwenye kikombe cha bluu anakunywa.

Lakini limezuka jingine, na ndilo linalonirudisha hapa. Mpishi wetu anaishi mtaa huo huo, anawajua wasiolipa kwa sura, na nimesimama karibu na sufuria siku tatu nikimtazama: wakifika hao, upawa wake hauzami. Hasemi neno, hamfukuzi mtu, ila kikombe kinajaa nusu. Nikimsema ataniambia nimeota. Nifanyeje?

MwekaHazinaWaUji, Pangani

Usimseme. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Anayepika asiwe anayegawa: wekeni zamu ya wazazi, mmoja kila siku, na asiwe wa mtaa mmoja na mpishi. Na upawa muubadilishe, mtafute kikombe cha bati kinachojaza kikombe cha mtoto kwa mteko mmoja, ili asiyejaziwa aonekane na foleni nzima.